Anakataa Hata Anachokipenda: Barua kwa Binti Yangu

Mwanangu,

Assalam aleikum. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza, kisha nikausikiliza tena nikiwa na mama yako. Umeuliza hivi: "Baba, mtoto analia njaa, anataka chapati. Nampikia, namwekea mezani, namwambia haya kula. Anaisukuma sahani na kuingia chini ya meza. Nikitoka jikoni, anakula yote. Hii ni jeuri au ni ugonjwa? Au nimemharibu mimi?" Ukaongeza kwamba ripoti ya wataalamu wa huko Leicester, Uingereza, imeandika usonji (autism) wenye tabia ya kukwepa maagizo, na kwamba mama mkwe wako anasema dawa yake ni fimbo.

Nakujibu kwa maandishi ili mumeo naye asome kwa nafasi yake.

Nianze na swali lako la mwisho, maana najua ndilo linalokunyima usingizi. Hujamharibu. Usonji mtoto huzaliwa nao. Miaka ya 1950 na 1960 kulikuwa na wataalamu waliowatupia lawama akina mama, wakidai mtoto amejifungia ndani ya nafsi yake kwa kuwa mama hakumpa upendo. Bruno Bettelheim, aliyeongoza shule ya watoto huko Chicago, Marekani, aliieneza sana dhana hiyo. Aliyeipinga kwa nguvu ni Bernard Rimland, mwanasaikolojia ambaye mwenyewe alikuwa na mtoto mwenye usonji, katika kitabu alichokitoa mwaka 1964, na sayansi iliyofuata ikampa haki. Akina mama wengi walibeba mzigo ule bure. Wewe usiuguse.

Sasa tuje kwenye chapati. Alipoiomba, lilikuwa jambo lake. Uliposema "haya kula", likawa jambo lako, na yeye akabaki wa kutekeleza. Kwa watoto wengi hapo hapatokei kitu. Kwa mwanao, neno hilo dogo linauambia mwili wake kwamba usukani umechukuliwa na mtu mwingine, na hofu inapanda kabla hajapata nafasi ya kufikiri. Hachagui kuogopa. Ulipotoka jikoni, amri iliondoka na njaa ikabaki, ndipo akala. Umemwona bunju anapoguswa na mvuvi: anajaza tumbo mpaka anakuwa duara lenye miiba. Ukimtazama utadhani amekasirika, kumbe anaogopa kufa.

Na si amri za watu wengine tu. Mwili wake wenyewe humwamrisha: njaa, usingizi, haja ndogo. Hata hamu yake mwenyewe ya kwenda bustanini, ikishapangwa kuwa "leo saa kumi tunakwenda", inaweza kugeuka mzigo. Kwa hiyo ukimwona anajizuia kwenda chooni huku anarukaruka, au analia hataki safari aliyoiombea wiki nzima, usidhani anakuchezea akili. Ni hofu ileile, imeingilia mlango mwingine.

Aliyewaelezea kwanza watoto wa namna hii kama kundi ni Elizabeth Newson, mwanasaikolojia wa Nottingham, si mbali na mnakoishi. Tangu miaka ya 1980 alikuwa akiletewa watoto waliofanana na wenye usonji bila kulingana nao sawasawa: waongeaji, wacheshi, mahodari wa kuigiza, na wakati huohuo hawawezi kutii jambo dogo kabisa. Alieleza pia mbinu zao za kukwepa. Mtoto anabadilisha mazungumzo, anasema miguu haifanyi kazi, anajifanya mnyama au mtoto mchanga. Makala yake juu yao ilichapishwa mwaka 2003, na ndiyo iliyolieneza jina ambalo huko kwenu hulifupisha PDA (Pathological Demand Avoidance), yaani kukwepa maagizo kupita kiasi.

Hadi leo hali hii haimo kama utambuzi unaojitegemea katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa mwaka 2013, wala katika ule wa Shirika la Afya Duniani ulioanza kutumika 2022. Ndiyo maana ripoti yako imetaja usonji kwanza. Wataalamu bado wanabishana. Wapo wanaosema ni aina ya usonji, wapo wanaosema ni wasiwasi wa mtu mwenye usonji anayesukumwa kuliko anavyoweza kustahimili. Na wapo watu wazima wenye usonji wanaosema kukataa kwao kuna sababu za msingi, kusiitwe maradhi. Mimi hao wa mwisho ndio ninaowasikiliza zaidi, kwa kuwa ndio waliowahi kukaa chini ya hiyo meza. Lakini mwalimu akikwambia "hiyo haipo kwenye kitabu", usipoteze nguvu kubishana jina. Mwambie mtoto anaogopa, na mweleze kinachomtuliza.

Kinachomtuliza nilikiona darasani kabla sijalijua jina lolote. Katika kitengo chetu cha mahitaji maalumu alikuwapo kijana mmoja aliyependa sana kengele ya shule, ile rimu ya gari iliyoning'inia kwenye mwarobaini. Mwalimu wa zamu akimwita, "Njoo ugonge kengele," anabweka kama mbwa na kukimbilia nyuma ya tangi la maji. Wiki iliyofuata zamu ilikuwa ya mwalimu mwingine, mama mtulivu. Yeye hakumwita. Aliacha chuma cha kugongea kwenye ngazi ya darasa, akatazama saa yake, akasema kama anayeongea peke yake, "Saa nne hii, na wale wa darasa la kwanza wana njaa ya uji." Akaondoka zake. Haukupita muda, rimu ikalia.

Tazama alichokifanya. Alitoa habari, akaacha uamuzi mikononi mwa mtoto, na hakusimama kumngojea. Hilo la tatu ndilo watu wanalolisahau. Unaweza kusema maneno laini kabisa, lakini ukibaki umemkazia macho, macho yako ni amri.

Kwa hiyo asubuhi, badala ya "vaa viatu, tunachelewa", sema "viatu viko karibu na mlango, na nje kuna baridi", kisha endelea na shughuli zako. Badala ya "piga mswaki", anza kupiga wa kwako. Uliza msaada wa kweli: "Sijui hii zipu inafungwaje." Utashangaa jinsi mtoto anayekataa kusaidiwa anavyopenda kusaidia. Wataalamu watakushauri pia umpe achague, shati jekundu au la bluu. Siku nzuri inasaidia. Siku mbaya hata kuchagua ni agizo, na hapo weka mashati yote mawili kitandani na unyamaze.

Najua hili ni gumu kwetu. Malezi yetu ya Pwani yamejaa vitenzi vya kuamrisha: njoo, kaa, kula, nyamaza, amkia wakubwa. Hatusemi hivyo kwa ukali, ndivyo tunavyozungumza na watoto. Unakumbuka Desemba mlipokuja Tanga, mjomba wako alivyosimama barazani akingoja shikamoo, na mtoto amejificha nyuma ya kanga yako? Kila mtu alimhimiza, "Sema shikamoo, mwanangu, sema." Nikawaomba waendelee na kahawa yao. Wazee walipokwisha kumsahau, akatoka kwa mikono na magoti, akasugua kichwa kwenye goti la mjomba na kusema, "Nyau, shikamoo." Paka ndiye aliyeamkia. Mjomba akajibu "marahaba, paka", na wakawa marafiki hadi mlipoondoka. Kwa watoto hawa kuigiza ni kimbilio. Akiwa paka, aliyeamriwa si yeye. Basi mwache paka apige mswaki, na chui apande gari.

Tahadhari na sifa. Kwa watoto wengine "hongera, umefanya vizuri!" ni asali. Yeye husikia ndani yake kwamba kesho atatakiwa afanye tena, na vizuri vilevile. Zile chati za nyota zilizobandikwa kwenye friji, pamoja na zawadi za "ukifanya hiki nitakupa kile", ni shinikizo lililopambwa. Zitoe. Ukitaka kumsifu, mwambie mama yako kwenye simu mtoto akiwa karibu, asikie kwa upande.

Watu watasema unamlea mfalme. Wajibu kwamba mipaka ipo, ila ni michache na haibadiliki: barabara, moto, na kuumiza watu. Hapo utamshika mkono hata akipiga kelele, na sababu utamweleza siku nyingine akiwa ametulia. Mengine yote, soksi, kula mezani au sakafuni, kuoga leo au kesho, yapime kila siku kwa hali yake. Akiamka ana utulivu unaweza kumtaka mawili matatu. Akiamka amekunja uso, usimtake lolote. Mtu mzima bado ndiye anayepanga nyumba. Anapanga tu bila kutangaza.

Umesema shuleni wanakuambia ni mtoto mtulivu na hawana shida naye, kwa hiyo tatizo liko nyumbani. Hilo linaumiza, na si sahihi. Wapo watoto wanaojikaza kutwa nzima, wanafanya kila wanachoambiwa huku ndani wanatetemeka, wakifika kwa mtu wanayemwamini ndipo wanapomwaga yote. Analipuka kwako kwa sababu kwako ni salama. Anapotoka shule, saa nzima ya kwanza usimuulize chochote, hata "shule ilikuwaje" usiseme. Maji yawepo, kitafunwa kiwepo, mlango wa chumba chake uwe wazi. Na kwa kuwa mmekwisha kuomba halmashauri impime kwa ajili ya ule mpango wa elimu, afya na matunzo uliomo kwenye sheria yao ya mwaka 2014, anza kuandika kila siku kinachotokea baada ya shule. Andika saa, kilichotangulia, na muda aliochukua kutulia. Daftari la mama lina uzito mbele ya walimu ambao hawajawahi kuuona mlipuko.

Mlipuko ukianza, acha kuongea. Maneno yote wakati huo ni kelele. Punguza taa, watoe watu, ondoa vinavyovunjika, kaa chini usimsimamie. Akikupiga, sogea. Ukishapita, mtoto atakuwa amechoka kama aliyetoka homani na pengine ameona aibu. Hapo usimdai samahani. Mpe maji. Samahani yake itakuja kwa njia nyingine, atakuletea mchoro au atakaa karibu nawe, nawe ipokee.

Kuhusu fimbo, nasema kama baba na kama mwalimu niliyesomea elimu maalumu katika chuo cha Patandi, Arusha: usimpige, wala asipigwe na mtu mwingine. Methali yetu ya samaki mkunje angali mbichi wataitaja sana. Hofu haikunjwi. Ukimpiga mtoto anayeogopa, umemthibitishia kwamba alikuwa na sababu ya kuogopa. Atatii wiki moja, kisha ataacha kula, au kulala, au kusema. Wapo pia watakaosema ana jini. Dua tunamwombea, na nitaendelea kumwombea kila alfajiri, lakini hatapelekwa mahali akafungwe kamba wala kufukizwa kwa nguvu. Mama mkwe wako ni mtu wa heri na anampenda mjukuu wake. Nitazungumza naye mimi, mzee kwa mzee, usijiweke wewe katikati.

Unaogopa atakuwaje akikua. Katika Visiwa vya Faroe, kaskazini mwa bahari ya Atlantiki, watafiti wakiongozwa na Christopher Gillberg, daktari wa akili wa watoto kutoka Sweden, waliwachunguza vijana wenye usonji, na mwaka 2015 wakaeleza kwamba karibu mmoja kati ya watano alionyesha dalili hizi utotoni, lakini walipofika ujanani waliobaki nazo kwa ukamilifu walikuwa wachache sana. Ni kundi dogo la watu, siwezi kukuahidi lolote kwa hilo. Wengine hubaki hivyo maisha yote, na huishi vizuri wakipata kazi isiyo na msimamizi wa kuwasimamia kichwani na watu wa nyumbani wanaowaelewa. Yule kijana wa kengele leo anatengeneza pikipiki mjini, kwenye banda lake mwenyewe. Anafungua anapotaka, na wateja wamemzoea.

Na wewe, mama, lala. Mtoto huyu anaisoma sauti yako kabla ya maneno, na sauti iliyochoka hutoka kama amri hata usipokusudia. Mumeo achukue asubuhi za Jumamosi na Jumapili, wewe ujifungie chumbani. Hilo si ombi la kistaarabu, ni sehemu ya matunzo ya mtoto.

Mwambie mumeo anipigie Ijumaa baada ya Isha. Nina maswali kuhusu mwalimu mpya wa mtoto, na nataka nisikie kutoka kwake mwenyewe anaonaje mambo haya.

Baba yako