Mtoto Muogeleaji na Mazoezi ya Nguvu: Tazama Bega Kwanza

Wazazi wengi wa Lamu na Malindi humkataza mtoto kushika uzito wakihofia atadumaa. Ni kweli mifupa ya mtoto ina gegedu la ukuaji karibu na ncha zake, na gegedu hilo ni dhaifu kuliko mfupa uliokomaa. Lakini mazoezi ya nguvu yanayosimamiwa vizuri hayapunguzi kimo. Wanaoumia mara nyingi ni wale wanaoshindana kunyanyua vizito bila mtu mzima, au wanaoangukiwa na chuma kidoleni. Mtoto wa miaka 7 au 8 anayefuata maelekezo kwa kawaida yuko tayari kuanza.

Kwa muogeleaji, la kuhofia ni bega, na mara nyingi huwa limechoka kabla hajagusa uzito wowote. Piga hesabu: mtindo huru, mita 2,000, mikono ikipiga mara 20 kila mita 25. Hiyo ni mipigo 1,600, yaani 800 kwa kila bega, na ni siku moja tu. Aliyeogelea baharini akipingana na mkondo au mawimbi ya kusi amefanya kazi zaidi. Misuli ya kifua na mgongo inayovuta maji hupata nguvu haraka, ile midogo ya nyuma ya bega ikabaki nyuma, na hapo ndipo bega huanza kuuma. Kwa hiyo pushapu mia kila jioni hazimsaidii. Zinaongeza nguvu palepale ilipozidi.

Anza na tyubu kuukuu ya baiskeli. Ikate kwa urefu upate utepe, uufunge kwenye nguzo usawa wa kiwiko cha mtoto. Asimame ubavu kwa nguzo, ashike utepe kwa mkono ulio mbali nayo, kiwiko kikiwa kimekunjwa kama herufi L. Mkunjie leso, aibane kati ya kiwiko na mbavu. Sasa auzungushe mkono kwenda nje polepole, kisha aurudishe polepole zaidi. Leso ikianguka, anatumia mwili mzima badala ya bega. Punguza mvuto, asogee karibu na nguzo. Mara 12 hadi 15, seti moja kila mkono, mbili baada ya wiki chache. Na kila siku uivute tyubu kabla hujampa: jua na chumvi huipasua, ikikatika hupiga jicho.

Zoezi la pili ni kuvuta utepe kwa mikono miwili kuelekea mbavuni, makombe ya mabega yakikaribiana nyuma, mabega yasipande masikioni. Kisha planki, yaani kujiinua kwa viwiko na vidole vya miguu mwili ukiwa umenyooka, ya sekunde 15 hadi 20 na kuchuchumaa bila uzito. Siku 2 au 3 kwa wiki, zisizofuatana. Hayo yanatosha kwa miezi ya mwanzo, hata kama kocha ana haraka.

Akishafanya mara 15 kwa umbo safi bila kukaza uso, ongeza kidogo, asilimia 5 hadi 10. Hapa madumu yanayotumiwa kama uzito huwaponza watu. Dumu la lita 5 lenye maji ni kilo 5; lijaze mchanga mbichi wa ufuoni, linakaribia kilo 10, na kwa macho ni lilelile. Andika uzito ubavuni kwa kalamu ya wino. Kwa bega, chupa ya nusu lita ni mwanzo mzuri. Kupima nani ananyanyua zaidi mara moja, kuvuta chuma nyuma ya shingo, na kujishusha kwa mikono kwenye ukuta wa gati, viache kabisa.

Usimfanyishe mabega kabla ya kuingia majini. Akiogelea amechoka, kiwiko hushuka na mpigo huharibika. Siku ya kuogelea kwingi, fanya miguu na tumbo tu, baada ya maji. Ramadhani, anayefunga afanye usiku, saa moja au mbili baada ya kufuturu, kwa seti chache.

Msuli unaouma pande zote mbili, kesho yake na keshokutwa, si tatizo. Lakini maumivu ya upande mmoja, anayoweza kuyaonyesha kwa kidole kimoja mbele ya bega au karibu na kiungo, yanasimamisha mazoezi ya mkono huo majini na nchi kavu. Yakimwamsha usiku, au yasipopungua ndani ya wiki moja, mpeleke hospitali, na umweleze daktari anaogelea mita ngapi kwa wiki.