Kabla ya kumshuku kapiteni wako, angalia elisi

Juzi jioni nilikuwa nimekaa pale bichi Muhanzi, hapa Bukavu, nangoja wapakizi wamalize kushusha mananasi, simu ikalia. Mesaji ya kijana mmoja wa Goma ambaye sijawahi kumuona kwa macho. Ametuma picha ya elisi mpya ya inoksi (chuma kisichoshika kutu), inang'aa kama kioo, pasi 15 (pasi nitaeleza mbele), na chini ameandika: "Kaka, nimepata mashini ya farasi 40, boti yangu ni ya mbao mita 11, nataka nikuwe wa kwanza kufika kisiwa cha Idjwi kila soko. Hii elisi itanifaa?"

Nilimjibu neno moja tu, usiifunge. Halafu nikabaki na ile picha mpaka giza likaingia, juu elisi kama ile njo ilinitenganisha na mtoto wa dada yangu. Nimeamua kuandika yote hapa, kwake na kwa kila mwenye boti kwenye hili ziwa letu la Kivu anayewaza mbio, na najua ni wengi maana hata mimi nawaza mbio, nani hapendi kufika kwanza wakati bei ya nanasi bado iko juu.

(Wasomaji wa pwani, elisi ni ile mnaita rafadha au pangaboi. Sisi huku ni elisi.)

Miaka mitatu iliyopita nilikuwa na boti ya mbao mita 12 na Yamaha Enduro 40, ile ya kuchanganya oili na esansi (petroli). Elisi ilikuwa ya alimini, ile iliyokuja na mashini, mbawa tatu, pasi 11. Mtoto wa dada yangu alikuwa kapiteni. Nilimfundisha mimi mwenyewe tangu akiwa na miaka 17, alikuwa anasikia mashini kuliko mimi. Kwenda Idjwi kusini na kurudi Bukavu na mzigo tulikuwa tunakunywa bidoni (madumu) mbili na nusu za lita 20, ukizidi sana 55. Hesabu yetu ilikuwa imesimama juu ya hizo 55, nauli, karo ya watoto, kila kitu.

Sasa kulikuwa na mwenzangu mmoja alitupita kila siku ya soko. Iliniuma. Nikaenda kwa muuzaji mmoja wa vipande vya mashini, akanitolea elisi ya inoksi pasi 14, akaniapia kwamba imetoka Dar es Salaam na boti za kule zinaruka nayo kama ndege. Akanieleza pia kwamba namba ya pasi ikiwa kubwa, boti inaenda mbali zaidi kwa kila mzunguko. Hapo hakunidanganya, na njo maana niliamini na mengine yote.

Nitaeleza kidogo hapa. Kwenye elisi utakuta namba mbili zimechongwa, kama 11 5/8 × 11. Ya kwanza ni upana wa duara lake kwa inchi. Ya pili ni pasi, yaani mwendo ambao elisi ingesonga kwa mzunguko mmoja kama maji yangekuwa mbao na yenyewe skurubu. Pasi 11 ni karibu sentimita 28, pasi 14 ni kama 36. Mashini yangu ikizunguka mara 5000 kwa dakika, gia inagawanya kwa mbili, elisi inazunguka 2500. Piga hesabu: pasi 11 inakupa kama kilomita 42 kwa saa, pasi 14 inakupa 53. Kwenye karatasi. Maji si mbao, elisi inateleza ndani yake, na boti ya mbao yenye tani mbili za mananasi inateleza zaidi sana. Lakini mimi nilishaona 53 kichwani, nikatoa dola.

Siku ya kwanza tulitoka watupu kuijaribu na kweli ilienda, nilipiga kelele kama mtoto. Shida ilianza siku ya mzigo. Tulichukua saa mbili na nusu na zaidi mahali pa saa mbili. Nikasema ni upepo. Wiki ya pili, hivyo hivyo, na bidoni ya tatu ikaisha, na ya nne ikafunguliwa. Lita 75, siku nyingine zaidi. Mtoto wa dada yangu akaniambia, "Mjomba, mashini inalia vibaya, kama mtu amebeba gunia akipanda mulima wa Kadutu." Sikumsikiliza. Nilikuwa nahesabu bidoni. Kila jioni nilihesabu bidoni, na kila jioni niliona esansi inapotea, na kwenye bichi kila mtu anajua esansi ya boti inapoteaga namna gani, kapiteni anasimamisha njiani anauza lita tano kwa wavuvi wa sambaza, vile visamaki vyetu vidogo.

Nilimuita mwizi mbele ya wapakizi. Mbele ya mama zake wa mananasi ambao walikuwa wanamheshimu. Hakubishana, alivua jaketi ya kuogelea akaiweka juu ya benchi ya boti, akakunja kamba vizuri vile nilimfundisha, akapanda mulima kwa miguu.

Nikaweka kapiteni mwingine. Esansi ikaendelea kuwa 75. Nikapanda boti mimi mwenyewe, nikashika usukani mimi mwenyewe, esansi 75. Mwezi wa tatu mashini ikakufa katikati ya maji na abiria kumi na moja ndani, tukavutwa mpaka Bukavu na ile boti ya mwenzangu niliyetaka kumpita.

Mekanisie alipofungua mashini alinionyesha pistoni moja. Segimenti, zile pete za pistoni, zimeganda ndani ya mifereji yake, zimezibwa na masizi meusi magumu, ubavu wa pistoni umekwaruzwa kama mtu amepitisha msumari. Hakuniuliza kuhusu oili, aliniuliza kitu kimoja: ukifungua gazi yote, yaani mafuta mpaka mwisho, na mzigo ukiwa ndani, mashini inazunguka mara ngapi kwa dakika? Nikamwambia sijui. Akanitazama hivi, mzee wa watu, akasema basi umekuwa ukiendesha bila kujua chochote.

Alikuwa na ka-mashini kadogo ka kuhesabu mizunguko, kana uzi mwekundu, unauzungusha mara chache kwenye waya wa buji (plagi) na namba zinatokea. Bei yake ni ndogo kabisa ukilinganisha na elisi ya inoksi, bado niko nako mpaka leo ndani ya mfuko wa nailoni. Mashini ilipotengenezwa tulienda kwenye maji na mzigo kamili, elisi ileile ya pasi 14, gazi yote. Namba zikapanda, zikasimama 3900. Kitabu cha mashini kinasema gazi yote ikifunguliwa lazima iwe kati ya 4500 na 5500. Tukarudi, tukafungua inoksi, tukarudisha elisi yangu ya zamani ya alimini iliyokuwa imelala kwenye kona ya nyumba, mzigo uleule, kapiteni yuleyule. 4600. Na boti ikainua pua.

Ndugu zangu, ni hapo njo nilielewa, na ninaomba na ninyi muelewe bila kulipa vile nililipa. Elisi ni kama gia ya gari. Pasi kubwa kwenye boti nzito ni kupanda mulima na gia ya nne. Unakanyaga, karbirateri imefunguka yote, esansi inaingia yote, lakini mashini haipati nafasi ya kuzunguka, inabeba mzigo ikiwa imeinama, joto linabaki ndani ya pistoni, masizi yanajaa. Unachoma mafuta ya kukimbia na unatembea. Na pasi ndogo kupita kiasi nayo ina ubaya wake, mashini inapiga kelele inapita 5500, inajichosha bure na boti haiendi mbali. Kwa kawaida inchi moja ya pasi inabadilisha kama mizunguko 150 mpaka 200, kwa hiyo ukiona uko chini ya 4500, shuka inchi moja, pima tena, bado uko chini, shuka tena. Pima na mzigo wako wa kweli, si mtupu kama mimi siku ile nilipiga kelele.

Kuna jambo ambalo yule muuzaji hakujua, au alijua akanyamaza. Dar es Salaam iko kwenye bahari, ziwa Kivu liko mita 1460 juu ya bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, na mashini inapoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda. Fanya hesabu, hapa inapoteza kama asilimia 14 au 15. Mashini yako imeandikwa 40, lakini huku Kivu unasukumwa na kitu kama 34. Elisi iliyofaa Dar ni kubwa mno hapa hata kabla hujapakia nanasi moja! Na buji zako zikitoka nyeusi na mafuta mafuta, sehemu ya sababu ni hiyohiyo, hewa ni kidogo na esansi ni ileile, muombe mekanisie aangalie jiklere ya karbirateri, kale katundu kanakopitisha esansi.

Sasa watu wengi watasoma wakimbie kutafuta elisi mpya. Ngoja. Angalia kwanza ile uliyo nayo. Pitisha kidole kwenye kingo za mbawa, polepole, pande zote. Mawe ya Idjwi yanakula elisi na ncha ikijikunja kidogo tu, kitu ambacho jicho halioni, boti inapoteza nguvu na inatetemeka. Angalia pia mashini imefungwa urefu gani, ile sahani bapa iliyo juu ya elisi iwe sawa na chini ya boti au chini kidogo, ikiwa juu elisi inakunywa hewa na mashini inalia bila kusukuma. Na kama mashini inazunguka sana ghafla lakini boti inabembea tu, pengine ni ile raba ya katikati ya elisi imechoka inateleza, elisi yenyewe haina kosa.

Halafu toa elisi nje kila mwezi. Mimi sikuwa nafanya. Siku ile tulipofungua ile inoksi tulikuta nyuma yake uzi wa nailoni wa wavu wa sambaza umejiviringa kwenye shafti, umekazwa mpaka umekuwa kama pete ya plastiki ya kijani, ulikuwa umeanza kukata jointi ya mpira inayozuia maji. Oili ya gia ilitoka nyeupe kama maziwa, maji yalikuwa yameshaingia. Wiki mbili zaidi na gia zingeondoka.

Kuhusu inoksi na alimini, najua vijana mnapenda inoksi. Ni kweli haijipindi haraka na ina mwendo mzuri. Lakini ukigonga jiwe, alimini inavunjika yenyewe na inoksi inapeleka pigo ndani kwenye gia. Kwa mtu wa mizigo kwenye mawe yetu, alimini, na ya akiba chini ya benchi pamoja na ufunguo wake na pini. Wenye mizigo mizito sana waulize mbawa nne, zinashika maji vizuri zaidi kwenye mwendo wa polepole, hata kama mwendo wa juu unapungua kidogo.

Na hili nalisema kwa uchungu: ukipata elisi inayovuta vizuri usiseme sasa naweza kuongeza magunia. Elisi haiongezi mbao kwenye boti. Tarehe 3 mwezi wa 10, 2024, boti iliyotoka Minova ilizama karibu kabisa na Kituku, bandari ya Goma, watu wako ufukweni wanaona kwa macho yao. Sote tuna mtu tunayemjua aliyelia siku ile. Pakia kwa kuangalia ubao uliobaki kati ya maji na ukingo wa boti, si kwa nguvu ya mashini, na jaketi ziwe mwilini, hapana chini ya magunia.

Leo niko na pasi 10, upana mkubwa kidogo, nazunguka 4800 na mzigo. Idjwi kusini na kurudi ni lita 52. Nafika kabla ya yule mwenzangu mara nyingi, na najivunia, sitaficha.

Mtoto wa dada yangu yuko Goma, anaendesha boti ya mtu mwingine pale Kituku. Nilimtafuta mara tatu kwenye simu hakupokea. Mwaka jana nilipanda mpaka Goma, nikamkuta bichini anafunga bidoni, nikamwambia mbele ya wapakizi wake kwamba nilikosea, kwamba ilikuwa elisi. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mjomba, nilikuambia mashini inalia. Ulihesabu bidoni, mimi hukuniuliza." Akanikaribisha chai, tukakunywa, lakini hajarudi Bukavu, na dada yangu bado anaongea na mimi juu ya mambo ya msiba na harusi tu.

Kwa hiyo mdogo wangu wa Goma, ile elisi ya 15 irudishe dukani ingali na karatasi yake, usikubali wakuambie haibadilishwi. Funga ile ya alimini iliyokuja na mashini, pakia mzigo wako wa siku ya soko, toka mpaka maji yametulia, fungua gazi yote kwa dakika mbili, na unitumie namba. Kama huna ka-mashini ka kuhesabu, pita Kituku asubuhi, uliza kapiteni mrefu kutoka Bukavu mwenye jaketi ya rangi ya machungwa. Anako ka kwake. Na mweleze mashini yako inalia namna gani, atakusikiliza.