Muulize Mwalimu: Sekunde za Zinjanthropus

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Darasa letu lilipelekwa Olduvai, na tuliporudi tukapewa kazi: Zinjanthropus, yule kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu ambaye fuvu lake lilipatikana huko, ana miaka milioni 1.75, je, hizo ni sekunde ngapi? Na nanosekunde ngapi? Mimi nimepata sekunde trilioni 55.188, mwenzangu kapata trilioni 55.2258. Tumebishana mpaka basi. Nani kapatia? Na kwenye nanosekunde kikokotoo changu kinaandika E tu.
Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Karatu

JIBU: Marahaba. Wote mmepatia, ila kila mmoja katumia mwaka wake. Siku ina sekunde 86,400. Wewe umehesabu siku 365, ukapata mwaka wa sekunde 31,536,000. Mwenzako katumia siku 365.25, kama wafanyavyo wanaastronomia, akapata 31,557,600. Robo siku hiyo ikijirudia mara milioni 1.75 inazaa siku 437,500, yaani karibu miaka 1,200.

Ni mingi, eti? Lakini mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey alipoliona fuvu lile tarehe 17 Julai 1959, halikuwa na cheti cha kuzaliwa. Umri ulipatikana baadaye kwa kupima potasiamu na agoni katika tabaka za volkano za pale bondeni. Anayesema milioni 1.75 hadai kuijua hata karne. Miaka 1,200 yenu imemezwa humo humo. Kadirieni hadi tarakimu tatu za mwanzo: yako ni 5.52 × 10¹³, na yake ni hiyo hiyo. Ukiniletea 55,225,800,000,000 nzimanzima nakukata maksi, kwa sababu unajifanya unajua usichokijua.

Nanosekunde ni sehemu moja ya bilioni (10⁹) ya sekunde. Ndani yake mwanga hupita urefu wa rula yako ya sentimita 30, basi. Usihangaike na sifuri. Jumlisha vipeo, 13 na 9, upate 5.52 × 10²². E ya kikokotoo inasema tu kwamba kimezidiwa, nafasi zake nane hazitoshi. Ukitaka kurudi kwenye miaka, toa 9 kwenye kipeo upate sekunde, kisha gawanya kwa 31,557,600. Pitia kwenye sekunde kila mara. Mwezi usiuguse kabisa: leo una siku 28, kesho 31!

SWALI: Binti yangu alizaliwa tarehe 2 Machi 2001, saa 2:00 kamili asubuhi. Atatimiza lini sekunde bilioni moja?
Mama wa Mwanza

JIBU: Sekunde bilioni moja ni siku 11,574, saa 1, dakika 46 na sekunde 40. Hapa, mama, mwaka wa wastani haufai kwa kuwa unataka tarehe yenyewe. Nimehesabu siku za kalenda moja moja, pamoja na zile Februari 29 nane kuanzia 2004 hadi 2032. Ni tarehe 8 Novemba 2032, saa 3:46 asubuhi na sekunde 40. Keki iwe tayari kabla ya chai ya saa nne.