Barua kwa mwanangu: kabla hujamtaja wa kupandishwa cheo

Mwanangu mpenzi,

Nimesoma ujumbe wako. Nafasi ya msimamizi wa kitengo chenu cha hesabu iko wazi, bosi anataka jina, na wewe unao wawili: mmoja ana ari lakini kazi yake ina makosa, mwingine hesabu anazijua barabara ila siku hizi amepoa. Unauliza umpe yupi, mwenye moyo au mwenye ujuzi.

Hujaniambia umejuaje hayo yote. Ari ya huyo wa kwanza umeiona wapi? Kwa maelezo yako ni kwenye vikao: anachangamka, wa kwanza kuinua mkono, ujumbe anajibu hata usiku. Huo ni uchangamfu, na uchangamfu unapendeza, lakini hausemi anaipenda kazi kiasi gani. Mwaka 1920 mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Thorndike, aliandika kuhusu maofisa wa jeshi waliowapima askari wao kwa umbo, akili, uongozi na tabia. Alama zilifuatana kupita kiasi: aliyewavutia kwa jambo moja alipewa alama za juu hata katika mengine. Hawakuwa na hila, walishindwa tu kutenga jambo moja na jingine. Nawe umeshaanza hivyo hivyo. Makosa ya huyo mchangamfu unayaita "madogo madogo".

Ujuzi upime kwa kazi yenyewe. Wape wote wawili taarifa ile ile ya benki na daftari la fedha la mwezi mmoja, walinganishe, kila mtu peke yake, nawe ukae karibu bila kusaidia. Usingoje jumla ya mwisho tu. Angalia pale anapokuta tofauti isiyoelezeka: anarudi kwenye stakabadhi? Anauliza? Au anaingiza kiasi cha kuziba pengo ili hesabu zikae sawa? Mtu anayeziba pengo simpi usimamizi, hata awe na bidii ya namna gani. Na vigezo viandike kabla hawajaanza, la sivyo utavipinda vimfae unayempenda.

Aliyepoa anataka subira zaidi. Jiulize: kama angelazimika kabisa, kazi hii angeiweza? Kwa ulivyonieleza, angeiweza. Aliifanya vizuri kwa miaka. Basi usimpeleke mafunzo, utampotezea muda. Tafuta kilichobadilika. Labda ripoti yake siku hizi inapita mikono mitatu na wa mwisho anaibadilisha bila kumwambia. Labda ana mgonjwa nyumbani. Muite faragha, umuulize ni kazi gani ya mwisho aliyoifanya hapo akaifurahia, halafu unyamaze. Jibu la kwanza litakuwa "niko sawa tu, bosi". Usilikimbilie kulipokea.

Mshahara nao usiudhani ni dawa ya kila kitu. Mwanasaikolojia mwingine wa Marekani, Frederick Herzberg, na wenzake, mwaka 1959, walitofautisha yanayomkera mtu kazini, kama malipo na jinsi anavyosimamiwa, na yanayompa hamu, kama kufanikisha jambo na kutambuliwa. Wataalamu wamebishana naye sana, lakini mimi mgawanyo huo umenifaa: nimeona watu wakiongezwa mshahara, manung'uniko yakaisha, na uvivu ukabaki palepale.

Halafu kuna hili ambalo hukuligusa kabisa. Hiyo nafasi si ya kuandika hesabu, ni ya kusimamia watu. Kumwambia mwenzako kwamba kazi yake haijakaa sawa, bila kumvunja moyo, ni ujuzi wa peke yake, na kwa wote wawili hujaniambia lolote juu yake. Umewauliza hata kama wanaitaka? Wapo wanaotaka malipo mazuri bila mzigo wa watu, na hilo si kosa.

Mwombe bosi mtu akaimu kwanza, kwa muda unaojulikana na kwa posho ya kukaimu. Bila posho mtamchosha bure, kisha mtamlaumu kwamba hana ari. Asipofaa, arudi kwenye nafasi yake bila aibu, na hilo liandikwe tangu mwanzo.

Bosi akikubana, mwambie unahitaji wiki moja ya kuwapa kazi ya kupimwa. Ukishaona daftari zao, nipigie tuzungumze kabla hujaandika jina.

Mama yako