Maswali ya Mafundi: Umeme wa Gari

Mashine ya kusoma kodi (namba za hitilafu) ilisoma P0340 kwenye Toyota ya mteja. Nikabadilisha sensa ya kemshafti, taa ya injini ikarudi na kodi ileile. Nimeuziwa sensa feki? (Fundi, Mwanza)

Huenda, ila usianzie hapo. P0340 inasema saketi ya sensa ina hitilafu, haisemi sensa imekufa. Chomoa plagi, washa swichi, upime. Kwenye sensa ya waya tatu tafuta umeme wa kuilisha, ethi (njia ya kurudi hasi ya betri), na waya wa taarifa uliofika mzima hadi kwenye kompyuta ya gari. Kimoja kikikosekana, hata sensa halisi haitafanya kazi. Inaniuma mteja anapolipia vipuri vitatu kwa kosa la waya mmoja.

Stata (mota ya kuwashia injini) inazunguka kwa unyonge. Betri ni mpya, inasoma volti 12.6, na waya wa ethi nikiupima mita inalia. Nibadilishe stata? (Dodoma)

Bado. Mita ikilia inakwambia njia ipo tu. Waya uliooza ukabakiwa na nyuzi mbili utailiza vilevile, kwa kuwa mita hupitisha mkondo mdogo mno, ilhali stata inataka ampea mia na zaidi.

Pima kazi ikiendelea. Weka mita kwenye volti za DC, ncha moja kwenye nguzo ya hasi ya betri (nguzo yenyewe, si tamino iliyoifunga), nyingine kwenye chuma cha injini pasipo na rangi. Mwenzako apige stata. Ikisoma chini ya 0.3 hivi, ethi ni nzima. Ikifika volti 1, tatizo umelipata: safisha au badilisha waya. Kisha pima upande wa chanya, kutoka betri hadi nati kubwa ya stata. Kijana anayejifunza gerejini kwangu hukijua kipimo hiki kabla hajashika mashine ya kodi.

Taa ya kupimia ya balbu imepitwa na wakati?

Hapana. Kwenye fyuzi, honi na taa bado ni nzuri, maana balbu huvuta mkondo na kufichua waya dhaifu. Lakini usiiguse kwenye nyaya za kompyuta, wala za airbag kabisa, inaweza kuifyatua.

Nimejifunzia mtaani, sina cheti. Lazima nianze chuo upya?

Si lazima. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi Tanzania, ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: unapimwa unachokijua, na penye upungufu unafundishwa. Nenda kituo cha karibu, uulize kama fani ya umeme wa magari inapimwa hapo.