Skrubu zilizoganda kwenye Honda ya zamani

Ndugu yangu wa Likoni, umeuliza namna ya kufungua skrubu za kifuniko cha injini ya pikipiki yako ya Honda ya mwaka 1974, ambazo vichwa vyake vimeanza kulika. Hewa yetu ya chumvi huchochea kutu pale chuma kinapogusana na alumini. Nyunyiza mafuta ya kupenyeza, uache hadi kesho yake, kisha tumia bisibisi ya kugongwa kwa nyundo, yenye ncha ya nyota ya kipimo cha Kijapani, kwa kuwa ile ya kawaida haikai sawasawa na ndiyo, nashuku, iliyovila vichwa hivyo. Skrubu ikikaidi, ondoa tangi la petroli, futa mafuta yote, kisha upashe moto alumini inayoizunguka, ambayo hutanuka kuliko chuma.