Kuhamia Chuo Kikuu Kunaanza Semista ya Kwanza

Mwanafunzi wa chuo cha jamii (community college, chuo cha umma cha miaka miwili) anapokuja kuniambia "nataka kuhamia chuo kikuu," mara nyingi anakuwa amechelewa. Kashasoma miaka miwili au mitatu, ana yuniti nyingi (vipimo vya uzito wa kozi alizosoma), na sehemu kubwa ya yuniti hizo hazimfikishi anakotaka kwenda. Nawashauri wanafunzi kusini mwa California, katika chuo ambacho wengi wao ni Walatino, wenye asili ya Amerika ya Kilatini: watoto wa vibarua wa mashambani, wapakiaji wa maghala, wasafishaji wa hoteli. Kila mwaka naumizwa na jambo lile lile. Wanaokwama si wazito wa masomo. Ni wale ambao hakuna mtu aliyekaa nao mwanzoni akawaeleza mambo yanavyokwenda.

Nawaandikia Waswahili wenzangu mlio Marekani, mnaofundisha au mnaojitolea katika vyuo hivi. Kazi hii haihitaji uwe Mlatino. Inahitaji uzijue taratibu, uwe na subira, na uwaheshimu wazazi wa mtoto.

California ina vyuo vya jamii 116, na karibu nusu ya wanafunzi wake ni Walatino. Ada kwa mkazi wa jimbo ni dola 46 kwa yuniti, na wenye kipato kidogo husamehewa. Tangu mpango mkuu wa elimu wa mwaka 1960, nia imekuwa mtu aweze kusoma hapo miaka miwili ya mwanzo kisha amalizie katika mojawapo ya mifumo miwili ya vyuo vikuu vya umma, California State University (CSU) au University of California (UC). Mlango uko wazi kisheria. Tabu ni kwamba kila mfumo una masharti yake, kila fani ina masharti yake, na mtoto ambaye nyumbani kwao hakuna aliyewahi kukanyaga chuo kikuu hana wa kumuuliza.

Kwa hiyo saa ya kwanza na mwanafunzi msiimalize kwa kuzungumzia ndoto. Mwulizeni anataka kusomea nini, kisha fungueni tovuti ya ASSIST papo hapo. Hii ni hazina rasmi ya jimbo, ya bure, inayoonyesha kozi ipi ya chuo chenu inakubaliwa badala ya kozi ipi ya chuo kikuu. Unachagua chuo chako, unachagua unakokwenda, unachagua fani. Upande mmoja unaona kinachotakiwa kule, upande wa pili unaona kozi yenu inayolingana. Pale isipokuwepo inayolingana, ndipo penye hatari, maana huenda mwanafunzi akalazimika kuisoma kozi hiyo katika chuo cha jamii cha jirani. Inaruhusiwa, na wengi hufanya hivyo, lakini lazima ajue mapema ili aipangie nafasi na nauli. Kipanya akishike mwenyewe. Mtoto aliyeipata orodha yake kwa mkono wake hurudi kuitazama. Ile uliyomchapishia wewe huishia chini ya begi.

Mwangalieni hasa hisabati. Anayetaka uhandisi anahitaji mfululizo wa kalkulasi, na fizikia haianzi mpaka kalkulasi ianze. Kozi nyingine hufundishwa mara moja tu kwa mwaka, hivyo kuikosa moja mwanzoni kunaweza kumla mwaka mzima mwishoni. Anayetaka saikolojia kwa kawaida atahitaji takwimu. Zamani wanafunzi wengi, Walatino wakiwa miongoni mwa walioathirika zaidi, walipewa mtihani siku ya kwanza kisha wakateremshwa kwenye hisabati za kurudia ambazo hazikuhesabiwa popote. Wengi wao hawakutoka huko. Sheria ya AB 705 ya mwaka 2017 ilibana desturi hiyo, na sasa alama za sekondari ndizo zinazotazamwa. Hata hivyo bado nakutana na wanafunzi wanaojiteremsha wenyewe kwa woga. Hapo sibembelezi sana. Namwonyesha alama zake za sekondari, namwonyesha ratiba ya msaada wa masomo, nasimama naye mpaka ajisajili kwenye kozi inayohesabika.

Kuna dhamana mbili ambazo kila mshauri azijue kwa kichwa, kwa kuwa wanafunzi huzichanganya. Ya kwanza ni ADT, stashahada ya kuhamia iliyotokana na sheria ya mwaka 2010. Anayeimaliza kwa masharti yake ana uhakika wa nafasi ndani ya mfumo wa CSU, anaingia mwaka wa tatu, na akibaki kwenye fani inayolingana anatakiwa kumaliza kwa yuniti 60 zaidi. Lakini nafasi hiyo ni ndani ya mfumo, si katika kampasi aitakayo yeye. San Diego State na Long Beach hupata maombi mengi kuliko nafasi. Ya pili ni TAG, ya upande wa UC, inayomhakikishia mwenye kutimiza masharti nafasi katika kampasi aliyoichagua, na inatolewa na kampasi sita: Davis, Irvine, Merced, Riverside, Santa Barbara na Santa Cruz. Berkeley, Los Angeles na San Diego hazimo. Mwanafunzi anachagua kampasi moja tu, na fomu inawasilishwa kati ya tarehe 1 na 30 Septemba, kabla ya maombi ya kawaida ya Oktoba na Novemba. Septemba ikimpita, ndiyo imempita. Wapeni tarehe hizi wakiwa bado na mwaka mzima mbele yao.

Hayo yote mtu anaweza kuyasoma mwenyewe. Jambo ambalo hatalipata kwenye tovuti yoyote ni familia.

Mimi nimekulia Tanga, na kwetu binti hasafiri kwenda kuishi mbali mpaka wakubwa wamekaa wakalizungumza. Nilipoanza kazi hii niliwasikia washauri wengine wakiwalaumu wazazi wa Kilatino kwamba "wanawazuia watoto," na sikukubaliana nao. Mama anayesita kumruhusu binti yake kwenda Santa Cruz hapingi elimu. Huyo binti ndiye anayewachukua wadogo zake shuleni, ndiye anayemtafsiria bibi kwa daktari, na mshahara wake wa jioni umo ndani ya kodi ya nyumba. Akiondoka, nyumba inabadilika. Asiyeliona hilo atampa binti ushauri ambao hauwezi kutekelezeka, kisha atashangaa kwa nini barua ya kukubaliwa imekaa bila kujibiwa.

Waiteni wazazi. Waiteni Jumamosi au jioni, si saa nne asubuhi siku ya kazi, na mazungumzo yawe kwa Kihispania. Kama Kihispania chako ni cha kubabaisha, tafuta mwenzako anayekimudu na wewe uwepo, umwamkie mama kwa heshima ya "señora" na umsikilize kwanza. Mlete mwanafunzi Mlatino aliyekwisha kuhama, ikiwezekana pamoja na mama yake. Nimeona mama wawili wakizungumza dakika chache pembeni wakamaliza wasiwasi ambao mimi nisingeuweza kwa mwezi mzima. Kisha wekeni hesabu mezani: ada, chumba, chakula, nauli ya kurudi nyumbani. Mpango wa UC uitwao Blue and Gold huhakikisha kuwa ada ya masomo inafunikwa kwa familia za California zenye kipato chini ya kiwango kilichowekwa, na ruzuku ya jimbo ya Cal Grant huombwa kufikia tarehe 2 Machi. Chumba na chakula ndivyo vinavyouma, na msiwafiche.

Na kama baada ya hesabu zote familia inaona afadhali CSU ya karibu, huku binti akilala kwao, mheshimu uamuzi huo. Sikubali kuuita uamuzi wa daraja la pili. Wapo washauri wanaopenda kuhesabu wangapi wamekwenda kwenye majina makubwa. Mimi natazama nani amemaliza shahada.

Suala la hati za ukaazi linataka adabu. Msimwulize mwanafunzi hali yake mbele ya watu, na kwa kweli msimwulize kabisa. Waelezeni wanafunzi wote, darasa zima, kwamba sheria ya AB 540 ya mwaka 2001 inawaruhusu waliosoma California kwa miaka inayotakiwa na kutimiza masharti mengine kulipa ada ya mkazi hata kama hawana hati, na kwamba sheria za mwaka 2011 ziliwafungulia msaada wa fedha wa jimbo kupitia fomu yao maalumu. Anayehusika atasikia, na atakuja kwa wakati wake.

Kwenye insha za maombi ya UC, ambako mwombaji hujibu maswali manne kwa maneno yasiyozidi 350 kila moja, wengi huandika mambo makavu ya "napenda kusaidia jamii." Mwulize siku yake inakwendaje tangu asubuhi. Kijana mmoja alinieleza kwamba anapakia mizigo ghalani usiku, anafika nyumbani alfajiri, anamwogesha babu yake kisha anakuja darasani, na kwenye fomu alikuwa ameacha wazi sehemu ya shughuli za nje ya masomo. Hakujua kwamba kazi na ulezi wa familia vina nafasi yake hapo. Tuliijaza pamoja.

Mkiwa na nafasi ya kuchagua mradi wa kuuiga, tazameni Puente. Ulianzishwa mwaka 1981 katika chuo cha Chabot, mjini Hayward, na Felix Galaviz na Patricia McGrath. Wanafunzi husoma darasa la uandishi pamoja, wakisoma pia kazi za waandishi Walatino, wana mshauri mmoja anayewafahamu kwa majina, na kila mmoja huunganishwa na mtu wa jamii yao aliyekwisha soma na anayefanya kazi. Nguvu yake ni kwamba mambo hayo matatu yako mahali pamoja. Mwanafunzi hazungushwi kutoka ofisi hadi ofisi akisimulia maisha yake upya kila dirisha.

Barua ya kukubaliwa ikifika msipumzike. UC hutaka jibu la mwanafunzi wa kuhama kufikia tarehe 1 Juni. Baada ya hapo kuna matokeo ya mwisho ya kutumwa, kutoka kila chuo alichowahi kusoma, hata kile alichochukua kozi moja ya kiangazi. Kuna maombi ya chumba, kuna siku ya kupokelewa, na vyote huja kwa barua pepe za chuo kikuu kipya ambazo hakuna aliyemwambia azifungue. Mwezi Juni na Julai nawapigia simu mmoja mmoja, jioni, baada ya saa za kazi, na swali langu la kwanza ni kama ameingia kwenye akaunti yake wiki hiyo.